Alama za Njia

Jumamosi jioni nilikuwa kwa jirani yangu hapa Ngara. Bintiye wa kidato cha pili alikuwa akifanya hesabu mkekani. Mstari wa pili, alipofungua mabano, alisahau kugeuza alama: kutoa ikabaki kutoa. Mistari saba iliyofuata ilikwenda sawa kabisa, lakini jibu halikufanana na la nyuma ya kitabu. Akaichana karatasi vipande viwili.

Walimu wa hesabu wana jambo wanaloliita alama za njia, nami nalipenda sana. Msahihishaji mwema harukii jibu. Hushuka mstari kwa mstari, kosa hulizungushia duara na kulikata alama mara moja tu, kisha huendelea kusoma, na kila hatua njema inayofuata huipa haki yake.

Nikiwaza walimu wa hesabu, humkumbuka Profesa Verdiana Masanja, aliyezaliwa Bukoba, hapa hapa mkoani kwetu Kagera, mwaka 1954. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Berlin, ambako utafiti wake ulihusu namna kimiminika kinavyotiririka ndani ya bomba. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa hisabati. Alifundisha miaka mingi katika chuo kile kile cha Dar es Salaam, halafu akaenda kufundisha Rwanda, ng'ambo ya daraja letu la Rusumo.

Watu husifu udaktari ule, na wana haki. Mimi huwaza zaidi ile miaka ya kufundisha, kwake na kwa kila mhadhiri wa hisabati. Kila mwaka sura mpya, somo lile lile la mwanzo, mabano yale yale, kosa lile lile. Rundo la karatasi mezani, na ya mwisho inastahili macho yale yale iliyopewa ya kwanza. Uaminifu wa namna hiyo haupigiwi makofi, ila naamini Mungu anauona.

Nawe, mpendwa, mwenzako wa nyumbani unamsahihishaje? Lile neno alilokosea miaka mitano iliyopita, bado unalikata alama kila mstari? Na wewe mwenyewe je, umewahi kuisoma karatasi yako mpaka chini?

Jioni ile niliviokota vile vipande vya karatasi, nikamwonyesha binti ile mistari saba. Alinyamaza. Kisha akachukua ugali wa muhogo kidogo, akavigandisha, akazungushia duara ile alama moja, akaanza upya kuanzia hapo.