Mwaka Mmoja wa Mtoto

Mwaka 1981 waganga wa mradi wa Kasongo walitangaza katika gazeti la Lancet habari za chanjo ya surua. Vifo vya surua vilipungua. Lakini wakahofu kwamba watoto wengine waliokingwa, kwa udhaifu wao, hufa baadaye kwa ugonjwa mwingine. Wako waliolishika neno hilo: basi fedha za chanjo za nini?

Kupima ni haki. Tena uchunguzi uliofuata, Bangladesh na Guinea-Bissau, ulionyesha kwamba chanjo huokoa wengi kweli. Lakini hata isingekuwa hivyo, wasomaji wapenzi, je, mtoto wa Kabambare akiongezewa mwaka mmoja tu na Mungu, mwaka ule ni hasara? Mama yake hasemi hivyo. Udhaifu wa mtoto ulidai aletewe chakula pia, wala si kunyimwa sindano.