Motokari isiyo na motere: ni imani ao ni kumjaribu Mungu?



Hapa Lubumbashi, parokia yetu imeonyeshwa kamioneti ya zamani. Bei yake ni ndogo, kwa sababu motere imekufa. Nasi tuna shida ya kweli: wagonjwa wa vijijini wanaletwa hospitalini juu ya baiskeli, usiku, katika mvua.

Wengine wanasema: «Tununue, Mungu atatoa motere.» Wengine: «Tuache, hicho ni chuma tu.» Ni nani mwenye imani?

Tuseme ukweli. Mara nyingi anayesema «Mungu atatoa» anataka kusema «wengine watatoa.» Mungu hutoa kwa mikono ya watu, na kati ya mikono hiyo kuna ule wa mama mjane anayeuza makala sokoni. Motere isipopatikana, kuku watataga mayai ndani ya kamioneti, na toleo lake litakuwa limepotea. Katika Luka 14 Bwana anatuonyesha mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anakaa na kuhesabu gharama. Basi kuhesabu si kukosa imani; ni kumheshimu yule atakayelipa.

Lakini hesabu pia inaweza kuficha woga, hata choyo. Waamini waliojenga hekalu la Nkamba, lililofunguliwa mwaka 1981, hawakungoja kwanza utajiri. Maskini walibeba mawe kichwani. Waliosema «tujenge» walibeba wenyewe. Na Baba Simon Kimbangu, aliyefungwa mwaka 1921, alikaa gerezani miaka 30 mpaka kifo chake katika mji wetu huu, tarehe 12 Oktoba 1951. Kazi aliyoianza, aliilipia kwa mwili wake.

Kwa hiyo tunaona hivi. Fundi asiyepata faida katika biashara hii aikague kwanza: chasisi, giabox, karatasi. Bei ya motere na kazi ya kuifunga ijulikane mbele ya wote. Halafu sisi wazee na mashemasi tuliosema «tununue» tutoe wa kwanza, kabla ya kumwomba mjane hata franka moja. Tukishindwa kutoa, imani yetu ilikuwa ya mdomo. Na franka chache tulizonazo zikodi leo teksi ya mgonjwa, maana yeye hawezi kungoja motere.

Mungu atubariki sote. Amina.