Doa la Manjano na Rangi ya Kweli

Mchuzi wenye manjano ukidondokea kanzu nyeupe, doa huwa la njano. Mfuaji akilipaka sabuni, linageuka jekundu la kukolea, hata huenda akadhani nguo imeharibika. Akilikamulia ndimu, njano inarudi. Doa ni lile lile. Rangi yake ya kweli ni ipi?

Mwanasayansi Robert Boyle alichapisha mwaka 1664 kitabu kuhusu rangi. Humo alieleza kuwa sharubati ya maua ya vayoleti huwa nyekundu ikikutana na asidi, na kijani ikikutana na alkali. Rafiki yake, mwanafalsafa John Locke, alifundisha kwamba rangi haimo ndani ya kitu kama umbo lake lilivyomo. Ni uwezo wa kitu kuamsha hisia fulani ndani ya anayekitazama.

Jibu la Locke ni zuri, lakini kwa doa la manjano halitoshi. Sabuni inapofika, chembe za manjano hupoteza haidrojeni, awepo mtazamaji au asiwepo. Kwa hiyo jicho si mshiriki pekee. Rangi inategemea pia kilicho jirani, na ndiyo maana mwalimu asiye na karatasi ya litimasi anaweza kuchemsha choya, akagawa maji yake katika glasi mbili: penye ndimu wekundu unang'aa, penye magadi unageuka kijani. Gharama yake ni ndogo mno, na kwa swali la asidi au alkali jibu lake ni la kuaminika.

Ila ishara hii ya rangi ina mitego yake. Mkemia Mjerumani Richard Willstätter, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1915, aligundua kwamba waridi jekundu na ua la buluu linaloota katika mashamba ya ngano Ulaya vina rangi ile ile ndani yake. Akahitimisha kuwa utomvu wa lile la buluu ni wa alkali. Ndivyo glasi ingemwambia mtu yeyote! Kumbe utomvu huo una asidi; buluu inatokana na rangi kushikamana na madini, yakiwemo chuma na magnesi, muundo uliofafanuliwa kikamilifu mwaka 2005.

Kanzu nayo, ikianikwa juani siku kadhaa, mwanga huzivunja chembe za manjano zenyewe. Sabuni ikipakwa tena mahali pale, hakuna kinachogeuka.