Polisi Katika Shule: Ni Nani Amrudiye Mtoto?

Katika nchi ya Marekani liko shauri ambalo watu wamebishana juu yake miaka mingi: je, yafaa askari wa polisi, mwenye bastola kiunoni, akae shuleni pamoja na watoto kila siku? Na akikaa, sheria impe uwezo gani juu ya miili yao? Twataka kulitafakari shauri hili, kwa kuwa lamgusa kila aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake.

Kwanza yatupasa kukiri kwamba hofu ya wazazi wa kule si ya bure. Tarehe 24 Mei 2022, katika mji wa Uvalde, jimbo la Texas, kijana mmoja aliingia shuleni na bunduki, akaua watoto 19 na walimu 2. Mzazi asikiaye habari kama hizo hutaka mlinzi mlangoni, wala hatuwezi kumlaumu. Lakini siku ile walikusanyika askari zaidi ya 370, nao walikawia zaidi ya saa moja kabla ya kumkabili mwuaji. Basi kuwapo kwa askari peke yake si ulinzi.

Tena iko hofu ya pili. Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis, George Floyd alikufa akiwa amekandamizwa kwa goti la askari. Mwezi uliofuata halmashauri ya shule za mji huo ilivunja mapatano yake na polisi. Mwaka 2023 baraza la jimbo hilo la Minnesota lilitunga sheria ya kuwakataza watumishi wa shule, na askari waliowekwa humo, wasimbane mwanafunzi kifudifudi, wala wasimlemee shingoni, kifuani au mgongoni. Wakuu wengi wa polisi wakawaondoa askari wao shuleni, wakisema kwamba sheria haikueleza wazi lipi ni halali na lipi si halali. Mwezi Machi 2024 ikarekebishwa: askari wa shule wakatolewa katika katazo lile, lakini wakaamriwa wapate mafunzo maalum, tena wasitumie nguvu wala mamlaka yao kuwaadhibu watoto waliovunja kanuni za shule.

Sisi twaona kwamba neno hili la mwisho ndilo kiini cha shauri lote. Mtoto ajaye na kisu amehatarisha maisha ya wenzake, na hapo polisi wana kazi. Lakini mtoto amjibuye mwalimu kwa ufidhuli, au akataaye kuondoka kitini pake, amekosa kosa la shule. Wazee walisema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Shule imewekwa kati ya mama na ulimwengu, ili mtoto akosee mahali ambapo kosa lake laweza kuwa somo. Mwalimu amwitaye askari kwa sababu ya ufidhuli amemtoa mtoto katika mikono ya mama, akamtia katika mikono ya ulimwengu kabla ya wakati wake.

Labda mtu atasema, “Askari mwema hana haja ya kuwekewa mipaka.” Twajibu: vijana wawili wakipigana, askari hana nafasi ya kufikiri sana, kwa hiyo yafaa mpaka uwekwe kabla ya siku hiyo, tena uwe wazi. Hapo wakuu wa polisi walikuwa na haki kudai maelezo. Lakini kuliondoa katazo lenyewe hatukuoni kuwa kwema, maana pumzi ya mtoto ni ile ile, amshikaye akiwa mwalimu au askari.

Basi mlinzi na alinde mlango, na mwalimu amrudi mtoto. Kumrudi mtoto kwataka uvumilivu wa siku nyingi, nayo ni kazi ambayo hakuna sheria iwezayo kumhamishia mwenye bastola.