Ninyi Mliokasirikia Magari ya Riposti

Wajukuu wangu mnaofanya kazi kwenye miradi ya afya, ketini kidogo. Haya nimeyasema mara nyingi mno, hata bibi yenu akinisikia naanza hutoka nje. Lakini nitayasema tena.

Mnaikumbuka Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa kule Mangina. Watu wa Beni walikuwa wanachinjwa tangu Oktoba 2014, na hakuna aliyewajia na msafara kama ule wa riposti, yaani kikosi cha kupambana na Ebola. Ugonjwa ulipoingia, barabara ilijaa magari. Desemba tukaambiwa Beni na Butembo hawatapiga kura ya rais kwa sababu ya Ebola, na huku masoko na makanisa yako wazi. Vijana wa Beni wakajiandalia kura yao ya kuigiza, kila mtu ananawa mikono kabla ya kuingia, kuonyesha kwamba inawezekana. Nani aliwasikiliza? Basi neno likaenea kwamba Ebola ni biashara. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa, siku chache tu kati ya kimoja na kingine. Aprili, daktari Richard Mouzoko, mtoto wa watu kutoka Kameruni, akauawa kwa risasi hospitalini hapa Butembo. Hilo halina udhuru, na msiniletee "lakini".

Ninachotaka mkumbuke ni kilichotutuliza. Kule Beni waliweka vyumba vya plastiki angavu, mama anasimama nje anamwona mwanawe kitandani, anamwita, mtoto anageuza kichwa. Kabla ya hapo mtu aliingia ndani ukasikia habari zake kwa watu. Waliopona wakaajiriwa kubeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Ebola ile ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imechukua watu 2,287. Iliporudi Butembo Februari 2021, waliotangulia mbele ni watu wa afya wa jimbo letu wenyewe, na Mei 3 ilikuwa imekwisha, wafu sita. Chanjo ilisaidia, sikatai. Lakini safari hii aliyebisha hodi alijua jina la baba yako.

Sasa nije kwenu. Julai 15, 2022, Rais wa Kongo yetu alitia saini sheria nambari 22/030 ya kulinda haki za Wambuti, watu wa asili wa pori, na ndugu zao wa nchi nzima: ardhi yao, mila zao, na kwamba waulizwe kwanza na waridhie bila kulazimishwa. Serikali na mashirika wanatafuta watu wa kuifikisha sheria hiyo huko pori linakoanzia, na wanaopata kazi ni ninyi, Wanande wenye diploma. Nafurahi mmepata kazi. Ila nawaona mnavyofika.

Mnafika Oicha, upande wa Beni, na kizibao cha mradi. Chifu wa mtaa mnampa mikono miwili, "Shikamoo mzee." Mkigeuka kwa mzee wa Wambuti, mwenye mvi nyingi kuliko chifu, ni "Wewe, una watoto wangapi?", jicho liko kwenye simu mnakojazia majibu. Mtu huyo amekimbia pori kwa sababu ya panga. Asali yake, nyama yake, majani anayotibia tumbo la mtoto, vyote vimebaki nyuma ya askari na waasi. Wambuti wa Ituri msiba ukiwazidi huliimbia pori usiku, waliamshe liwaangalie. Huyu ataliimbia kutoka chini ya turubai la nani? Hamjamuuliza, kwa kuwa fomu haina mstari wa swali hilo. Kisha mnarudi mjini mnasema Wambuti ni wagumu, hawaji kliniki.

Nasi sisi ni wagumu? Mbona tuliandikwa hivyo hivyo 2019, na mkakasirika, tena mlikuwa na haki?

Bado kuna Mnande mwenye shamba anayesema "Wambuti wangu" kama anavyosema mbuzi wangu, anawalipa ndizi na kikombe cha pombe kwa kazi ya siku nzima. Muuguzi akishuka kwenye gari la mtu huyo, Mmbuti ataiamini vipi sindano yake? Msipitie kwake. Nendeni kwa miguu, salimieni, mkae mpaka mtu mzima wao aseme kinachowaumiza. Huenda kitakuwa si malaria. Huenda ni kuingia porini kuzika, au kuchuma dawa, na hapo mtalazimika kwenda kuongea na wanajeshi na watu wa hifadhi, kazi ambayo haina posho.

Na posho yenyewe. Yule mkunga wao anayewaleteeni wajawazito kwa miguu asubuhi na mapema, mwandikeni kwenye orodha ya malipo ya mwezi huu. Dereva yumo.