Khasara Ni ya Nani? Bima ya Motokaa ya Zamani Iliyo Mikononi mwa Fundi

Miongoni mwa masuala yanayoulizwa siku hizi katika madarasa yetu ni hili: Mtu ana motokaa ya zamani, aliyoirithi au aliyoinunua, naye ataka kuirudisha katika hali yake ya kwanza. Amempelekea fundi; injini imeshushwa, milango imewekwa kando, viti viko kwengine, na kazi yenyewe huenda ikachukua mwaka au miaka miwili. Je, aikatie bima muda huo wote? Na akiikatia, aseme thamani yake ni ngapi, ilhali si motokaa kamili wala si chuma chakavu?

Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona suala hili kuwa ni la matajiri, lisilostahiki karatasi yetu. Sivyo. Ndani yake mna haki ya tajiri na haki ya maskini, na anayestahiki kuangaliwa zaidi ni yule ambaye muulizaji hakumtaja, naye ni fundi.

Kwanza yapasa tujue kuwa motokaa kama hizi zina thamani ya kweli. Peugeot 404, kwa mfano, ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na mpaka leo wako watu katika Kenya wanaozitafuta na kuzitengeneza upya. Basi si upuuzi mtu kuikhofia mali yake. Wala kuihifadhi mali si kinyume cha kumtegemea Mwenyezi Mungu, kwani Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee.

Ama bima yenyewe, yatubidi tupambanue baina ya mambo mawili. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, yamlazimisha kila mwenye motokaa inayotumika barabarani awe na bima ya kuwalipa watu wengine watakaodhurika. Hilo ni jambo la kulazimishwa, na aliyelazimishwa ana udhuru wake. Lakini motokaa iliyowekwa juu ya mawe gerejini, haina magurudumu wala usukani, haiendi barabarani. Kuikatia bima ya moto na wizi ni khiyari ya mwenyewe. Basi asije mtu akasema, "Nimelazimishwa," na hali hakuna aliyemlazimisha.

Na katika bima ya khiyari maulamaa wana maneno. Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliizungumzia bima ya mali ya baharini waliyokuwa wakiifanya wafanya biashara wa zama zake, akaona si halali kwa mfanya biashara kuchukua badali ya mali iliyopotea. Mwaka 1961, katika mkutano wa fiqhi uliofanywa Damascus, Sheikh Mustafa Zarqa aliitetea bima, na Sheikh Muhammad Abu Zahra akaipinga. Kisha mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Jeddah likaamua kuwa bima ya kibiashara ina gharari kubwa, yaani mtu hutoa fedha asijue atapata nini wala lini, na kwa hivyo haifai. Na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana, ambayo watu huchanga kwa nia ya kufarijiana, anayepatwa akalipwa katika mchango wa wote. Bima ya namna hiyo, iitwayo takaful, ilianza kupatikana Kenya mwaka 2011.

Hapa ndipo wengi wanaposimama. Mtu akishasikia kuwa bima ya kibiashara ina maneno, husema, "Basi mimi sikati bima ya namna yoyote," akajiona amejiepusha na shubha. Lakini tumuulize: Moto ukizuka, khasara itakuwa ya nani?

Gereji nyingi za mafundi wetu ni banda la mabati. Humo mna petroli iliyotolewa katika matangi, mna rangi na mafuta ya kuiyeyushia, na papo hapo fundi achomelea bodi, cheche zikiruka. Moto ukishika, haumalizi motokaa moja. Na siku ya pili yake tajiri aliyekataa bima kwa uchaji huja akasema, "Nilikupa motokaa nzima, nirudishie motokaa yangu au thamani yake." Fundi naye hana kitu ila vyombo vyake, navyo vimeungua. Huuza kiwanja cha watoto wake au hukimbia mji. Je, huo ndio uchaji? Aliyekimbia gharari akamtwisha mwenziwe mzigo usiokuwa wake hakutoka katika makosa. Ametoka katika shubha akaingia katika dhulma iliyo wazi.

Maulamaa wetu hawakuliacha jambo hili. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) aliwatoza dhamana wapaka rangi na wasonara, akiona kuwa watu hawatatengenea ila kwa hilo. Katika madhehebu ya Imamu Malik, fundi hudhamini mpaka alete ushahidi kuwa kitu kimepotea pasi na uzembe wake. Abu Yusuf na Muhammad bin Hassan, wanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, walisema hudhamini isipokuwa kwa jambo lisiloweza kuepukika, kama moto ulioenea. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa mkono wa fundi ni mkono wa amana: hadhamini ila akizembea au akipita mpaka. Na Rabii, mwanafunzi wa Imamu Shafii, amesimulia kuwa Imamu aliiona rai hii kuwa ndiyo haki, lakini hakuwa akiitangaza, kwa kuwakhofia mafundi waovu.

Tazama, ndugu msomaji, mizani ya watu hawa. Mbele yao ana haki mwenye mali asiliwe mali yake, na ana haki fundi asilipishwe lisilokuwa kosa lake. Fundi aliyeacha mtungi wa gesi wazi akaenda kunywa chai, huyo amezembea, na alipe. Lakini moto uliotoka kwa jirani si wake. Na kanuni ya fiqhi yasema kwa maana yake kuwa mwenye faida ndiye mwenye kuchukua khasara. Motokaa ikikamilika ikapanda bei, fundi hapati ila ujira wake. Faida yote ni ya mwenyewe. Basi kwa haki gani khasara isiyo na mkosa iwe ya fundi?

Kwa hivyo twaona kuwa mwenye motokaa ndiye apasaye kuutafutia mzigo huu pahali pa kuuweka, na pahali pema ni katika bima ya kusaidiana.

Yabaki suala la thamani. Tuseme, kwa mfano, mtu amenunua motokaa kwa shilingi 300,000, ametumia 200,000 mpaka sasa, na akitaraji ikikamilika itakuwa na thamani ya 1,500,000. Ikiungua leo, amepoteza nini? Hakupoteza milioni moja na nusu, kwani hakuwa nayo; alikuwa na matumaini tu, na matumaini hayaungui. Akiandika thamani ya kitu kitakachokuwa, amesema uwongo, na akilipwa kwa hiyo amekula mali ya waliochanga pamoja naye. Huko Uingereza na Marekani, ambako bima za motokaa zilizo katika matengenezo ni jambo la kawaida, hutakiwa picha na risiti, na thamani huongezwa kadiri kazi inavyokwenda. Huo ni utaratibu mzuri, unaokubaliana na ukweli, nasi tuufuate. Ama mapenzi ya motokaa iliyokuwa ya baba, hayo hayana bei, wala asiyatafutie.

Basi nasaha yetu ni hii. Kabla ya kazi kuanza, mwenye mali na fundi waandike kila kilichomo, mpaka taa na bampa, waweke mashahidi. Kurani imetuamrisha kuyaandika madeni ili watu wasigombane, na amana kama hii yafaa kufuatishwa hapo. Waandike pia kuwa moto au wizi usio na uzembe hauko juu ya fundi. Mwenye mali aichukulie motokaa yake takaful, akisema iko gerejini na imefunguliwa, bila ya kuficha. Fundi naye aweke mchanga na kizimia moto, aondoe petroli kabla ya kuchomelea, wala vipuri vya mtu asivitie katika motokaa ya mwengine. Na mafundi wa mtaa mmoja wakiweza kuchangiana mfuko wao wenyewe, ni kheri kubwa zaidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuihifadhi mali zetu pasi na kuwadhulumu wanaotutumikia. Amin.