Kiu ya Daudi na bakuli la urojo

Kijana wa Unguja akihamishiwa kazi Mbeya, viazi havimpigi chenga. Vinalimwa milimani kote huku na kupakiwa malori kwa malori kwenda Dar es Salaam. Lakini jioni, saa ile ambayo kwao wauza urojo wameshapanga mabakuli, atazunguka kuanzia Mwanjelwa hadi Soweto akiuliza. Ataoneshwa chipsi mayai, mishikaki, ndizi za kuchoma. Akitaja urojo, wengi watamwuliza ndiyo nini hicho.

Aanzie wapi kueleza? Ni mchuzi mzito wa unga wa ngano na manjano, wenye ukali wa embe mbichi au ndimu. Ndani mna viazi vya kuchemsha, bajia na kachori. Juu yake chatini ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo zinazolia mdomoni. Tena kila muuzaji ana mkono wake, na mteja ana muuzaji wake, yule anayemjua kwa jina na kujua kiasi chake cha pilipili. Kwa hiyo hata akinunua nazi iliyopanda lori kutoka pwani, akajipikia chumbani kwake, bado atakwambia sio wenyewe.

Nimesikia waumini wakiwakemea vijana hawa kwa Hesabu 11, pale Waisraeli walipolilia samaki, matango na vitunguu saumu vya Misri. Wapendwa, hapo tunawaonea. Wale waliitamani nchi ya utumwa wao, wakaidharau mana. Anayetamani chakula cha mtaa uliomlea hajamdharau Mungu, wala hajawadharau wenyeji wake.

Mimi ningemsomea 2 Samweli 23. Daudi yuko katika pango la Adulamu, ni majira ya mavuno, na Wafilisti wameweka askari Bethlehemu, mji alikozaliwa. Anatamani maji, na anataja ni yapi: ya kisima kilicho karibu na lango la Bethlehemu. Ingekuwa kiu ya koo tu, maji yoyote yangemtosha. Andiko halimlaumu hata kidogo.

Wala hakumtuma mtu. Mashujaa watatu walimsikia akitamani, wakapenya kambi ya Wafilisti, wakateka yale maji, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, kwa kuwa watu waliyaendea kwa kuhatarisha maisha yao. Mahubiri mengi hukaa kwenye kule kumimina. Moyo wangu hukaa kwa wale watatu, kwa sababu walikuwa na masikio.

Sharika zetu zimejaa walimu, wauguzi, askari na wanafunzi waliotoka mbali. Tunawapa mkono mlangoni, tunawauliza wamepanga wapi, tunawaandika kwaya. Ni nadra kumwuliza mmoja wao kwao watu hula nini jioni.

Nawaomba, hasa akina mama wa jumuiya: Jumapili hii, ibada ikiisha, waulizeni. Anayesafiri kwenda Dar aagizwe nazi. Mgeni aingie jikoni aelekeze, ninyi mmenye viazi, na ladha aamue yeye. Akionja akasema sio wenyewe, msinung'unike. Muulizeni nani alikuwa akimuuzia, na alikuwa akiweka nini.